Tukio Litangulie

Sentensi ya kwanza ya habari hubeba tukio lenyewe: nani kafanya nini, au kapatwa na nini, wapi na lini. Sababu na namna hupenya kama nafasi ipo. La sivyo husubiri aya ya pili. Magazeti ya Kiswahili yana desturi ya kuandika neno la kwanza la sentensi hiyo kwa herufi kubwa, na hapo ndipo mwandishi hupimwa kwanza, kwa sababu neno analolipa heshima hiyo huonyesha ni nani anayemwona kuwa mwenye habari.

Tuseme tembo wametoka Serengeti usiku na kumaliza shamba katika kijiji kimoja cha Bunda, balaa ambalo wakulima wanaopakana na hifadhi wanalijua vizuri mno. Asubuhi mkuu wa wilaya anafika kutoa pole. Mwandishi aliyefuatana na msafara wake ataanza hivi: "MKUU wa Wilaya ya Bunda amewataka wananchi wanaoishi jirani na hifadhi kuwa watulivu wakati Serikali ikilishughulikia suala la wanyama waharibifu." Kisarufi haina kosa. Lakini tembo hawamo, shamba halimo, na mwenye shamba hayumo; kilichoandikwa ni ziara. Fundi angeandika: "TEMBO wamevamia shamba la mahindi wilayani Bunda usiku wa kuamkia jana na kula mazao yote, wiki chache kabla ya mavuno." Mkuu wa wilaya atapata aya ya tatu, na pole zake hazitapungua uzito. Uchungu wote umekaa katika yale maneno ya mwisho kuhusu mavuno, bila msaada wa "simanzi na vilio vilitawala", maneno ambayo bado kuna wanaodhani ni ufundi.

Lugha yenyewe humrahisishia mwandishi kazi. "Wamevamia" ni neno moja, na ndani yake wamo watendaji, wakati na tendo. Kinachorefusha sentensi za kwanza ni vyeo, "imeelezwa kuwa" na mlolongo wa "ambaye". Redioni urefu huo hauvumiliki. Msikilizaji wa Victoria FM mjini Musoma au Mazingira FM ya Bunda huenda anaanika dagaa au anasubiri abiria juu ya bodaboda, kilichompita hakirudi. Kwa hiyo mahali hutajwa mapema na majina marefu husubiri. Tarakimu nayo hulainishwa: "karibu nusu" husikika vizuri kuliko asilimia 48.7.

Tukio likiwa zito, mapambo huwa mzigo. Tarehe 14 Oktoba 1999 wananchi walihitaji kwanza kujua kwamba Mwalimu Nyerere amefariki dunia, siku hiyo, London alikokuwa akitibiwa. Saratani ya damu, miaka ya uongozi na rambirambi vilikuwa na zamu yake baadaye. Lakini tarehe 23, alipozikwa Butiama, sentensi ya kwanza iliyoanza na kifo ingekuwa imechelewa kwa siku tisa. Hapo mbele yalistahili kukaa mazishi, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa mapya.

Upya huo haumpi mwandishi ruhusa ya kuhukumu. Mtu aliyekamatwa Musoma kwa mauaji "anashikiliwa na Polisi kwa tuhuma", hata kama mtaa mzima unaapa kwamba ndiye. "Ameua" ni neno la kusubiri mahakama. Mwalimu mwenyewe aliyaonja makali ya sheria kwa sababu ya maneno yaliyochapishwa. Mwaka 1958, akiwa mhariri wa Sauti ya TANU, alishitakiwa kwa kashfa kutokana na makala iliyowashutumu mabwana shauri wa kikoloni, akatiwa hatiani na kutozwa faini ya shilingi 3,000. Shutuma ya kisiasa na habari ya polisi ni mambo mawili tofauti, ila mahakamani kila neno lililochapishwa lina mwenyewe.

Makala ina uhuru zaidi. Inaweza kuanza na kitu kidogo kinachoonekana, mradi aya ya pili au ya tatu iseme kimewekwa pale kwa nini. Uhuru huu ndio unaozaa makala nyingi kuhusu Butiama zinazoanza na barabara ya kutoka Musoma, vumbi na mandhari, msomaji akafikishwa Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu, amechoka. Barabara ina haki ya kutangulia siku ambayo habari ni barabara.