Subira ya Kimea

Uji ulikwisha kuiva, kuni zilikwisha kuondolewa chini ya chungu, na bado yule bibi hakuugusa unga wa kimea uliokuwa kwenye ungo pembeni yake. Aliketi kwenye kigoda, mwiko mkononi, akikoroga mara mojamoja, kutoka chini kuja juu. Ilikuwa Julai huko Njombe, mwezi ambao baridi ya milimani humfanya mgeni kutoka pwani alale na sweta. Nilimwuliza tunangoja nini. Alinijibu bila kuinua macho: "Kimea kina uhai, mjukuu wangu. Ukikitia motoni unakiua."

Alikuwa akipika komoni, pombe ya kienyeji ya kimea cha ulezi, ya chungu kimoja, ya wageni wa nyumbani, si ya kuuza. Tangu siku ile nimewaona mafundi wa kila namna wakisifiwa magazetini: wachonga vinyago, wasusi wa mikeka, waunda majahazi. Wapika pombe wetu wa kienyeji sijawaona. Wanatajwa pale tu inapotokea ugomvi kilabuni au bwana afya anapofunga pipa la mtu. Ufundi wao umekaa jikoni, gizani, na hauna jina la kuandikwa kwenye cheti, ingawa ndani yake kuna elimu ya joto ambayo viwanda vikubwa hununua kwa mitambo.

Nitazame mkono wake kwanza, maana huko ndiko elimu ilikokaa. Mvuke hakuuamini. Uji mzito, alisema, huwa mwongo: juu hufanya utando na kupoa ukautazama, chini bado unatokota kimyakimya. Ndiyo sababu ya kukoroga kutoka chini. Si kuupoza tu, bali kuufanya uwe na joto moja, usimdanganye. Kisha akachovya kidole cha shahada. Kiliingia, kikatoka, akakipuliza. Akangoja. Akachovya tena. Mara hii kiliingia na kikavumilia kidogo kabla ya kukimbia. Hapo ndipo alipovuta ungo, akamwaga sehemu ya kimea, akakoroga kwa nguvu za mikono yake yote miwili, akafunika kwa majani ya mgomba na gunia.

Tulipofunua baadaye, mwiko ambao ulikuwa ukisimama wenyewe katikati ya chungu ulilala ubavuni. Uji mzito ulikuwa umekuwa mwepesi kama maziwa. Alichota kwa kata akanionjesha, na ulikuwa mtamu, bila hata punje ya sukari. Kimea kilichobaki hakukitia hapo. Alikiweka akiba hadi chungu kilipopoa kiasi cha kuvumilika na ngozi ya ndani ya kiwiko, pale mama anapopima maji ya kumwogesha mtoto. Joto la kwanza lilikuwa la kuleta utamu. La pili lilikuwa la kuleta uchachu na povu. Aliyajua yote mawili, na alijua kwamba hayafanani.

Sayansi inamuunga mkono neno kwa neno. Mbegu ya ulezi inapochipua hujitengenezea vimeng'enya vya kuvunja wanga uwe sukari, ili chipukizi lipate chakula. Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walikipata kimeng'enya cha namna hiyo kwenye kimea mwaka 1833, na hicho kinahesabiwa kuwa cha kwanza kabisa kutambuliwa duniani. Vipo vya aina mbili vinavyosaidiana. Kimoja hupenda nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi na huanza kufa upesi joto likikaribia 70. Kingine huhimili joto zaidi, hadi kwenye nyuzi 70 na ushei. Ukitia kimea karibu na nyuzi 63, unapata pombe nyepesi inayochachuka vizuri. Ukitia karibu na 68, unapata kinywaji kizito kilichobaki na utamu. Ukitia kwenye uji unaochemka, hupati kitu: unabaki na uji, na unga wa kimea uliopikwa ndani yake. Kimea cha pili, kile cha baadaye, ndicho kinachobeba hamira za asili na bakteria wa uchachu waliokaa kwenye maganda ya ulezi, nao hawawezi kabisa kuvumilia joto la kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo mabibi hawa walilitatua bila maabara. Wanga wa shayiri ya Ulaya hulainika kwenye joto lilelile ambalo vimeng'enya vinafanya kazi, kwa hiyo mpishi wa huko anaweza kumwaga maji moto juu ya kimea na kufunika. Wanga wa mtama na nafaka zetu nyingine huhitaji joto kali zaidi, linalogusa kifo cha vimeng'enya. Dawa yake ni kupika uji kwanza mpaka uive barabara, kisha kusubiri. Subira ile niliyoiona pale jikoni ndiyo mapishi yenyewe.

Wala tusidhani wenzetu walizaliwa na vipimajoto. Wapika bia wa Uingereza wa zamani walikuwa wakitazama maji ya moto yaliyofunikwa na mvuke, wakingoja upungue hadi mtu aweze kuiona sura yake majini, ndipo watie kimea. Kitabu cha Michael Combrune, *The Theory and Practice of Brewing*, kilichotoka mwaka 1762, kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kuwahimiza watumie kipimajoto. Wajerumani nao walichota sehemu ya uji, wakaichemsha, wakairudisha, na joto la chungu kizima likapanda kwa kiasi walichokizoea. Wazungu waliyaandika hayo na kuyatunza. Ya kwetu hatukuyaandika.

Na chungu kidogo ni kigumu kuliko pipa. Pipa kubwa hutunza joto lake lenyewe. Chungu cha nyumbani hulipoteza kila upande, hasa Julai ya Njombe. Ndiyo maana alikiweka karibu na mafiga lakini si juu yake, akakigeuza mara kwa mara ili ubavu mmoja usipoe. Kila tendo lilikuwa na sababu, na sababu hizo hakuzisema mpaka aulizwe.

Miaka ya 1980, wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walihimiza unga wa kimea utiwe kwenye uji wa watoto, kwa sababu kijiko kidogo kinalainisha uji mzito na mtoto akapata chakula kingi kwa kumeza kidogo. Nadhani huo ndio wakati pekee tuliposimama rasmi na kukiri kwamba jiko la mpika pombe lina somo la kutufundisha.

Leo nikipita vilabuni naona mapipa ya plastiki, mfuko wa sukari ya dukani na pakiti ya hamira ya mikate. Uji hutiwa ukiwa na joto lolote, maana utamu hautoki tena kwenye nafaka. Unanunuliwa kwa kilo. Kesho yake pombe ipo. Inalevya, lakini haina ule uzito wa ulezi mdomoni wala harufu ya nafaka iliyoanikwa, na kesho kutwa imekwisha kuwa siki. Kimea kikitiwa ni kidogo, cha kupata rangi, na mara nyingi kimenunuliwa kwa mtu asiyejua kiliota siku ngapi wala kilianikwa juani au kivulini.

Binti za yule bibi nao hupika hivyo sasa, na si kwa uvivu. Kuloweka, kuotesha, kuanika na kusaga huchukua wiki nzima na ushei, kisha kuna ile saa ya kukaa kwenye kigoda na kidole. Wanaweza kuifanya, nimewaona wakiifanya kwenye arusi ya ndugu yao. Ila anayepika kwa kimea na anayepika kwa sukari huuza kata moja kwa bei ileile, na sisi tunaokunywa hatujawahi kuuliza ipi ni ipi.