Peaje ya elektroniki: mashini haitatuambia franga inaenda wapi



Kila mara tukianza kuongea juu ya peaje ya njia ya Kolwezi–Likasi–Lubumbashi, hakukosi mwenzetu wa kutuma video ya Singapore. Mutuka zinapita chini ya chuma kikubwa, hakuna barieri, hakuna mutu wa kusimamisha, hakuna tiketi ya karatasi. Kisha anaandika: «Batuletee hii, mambo itaisha.» Neno hili linasemwa hata na watu wenye lisanse, na wengi wanaliitikia.

Nataka kulipinga. Si kwa sababu mashini ni mbaya. Mashini ni nzuri. Lakini inajibu swali ambalo sisi hatukuuliza, na swali letu lenyewe linabaki pale pale.

Tuanze na Singapore yenyewe, juu njo inatajwa sana. Ni kisiwa kidogo, karibu kilomita mraba 730 tu. Tarehe 2 Juni 1975 walianza kulipisha mutuka zinazoingia katikati ya mji asubuhi. Wakati ule hakukuwa elektroniki: shofere alinunua karatasi, akaibandika kwenye kioo, na wasimamizi walisimama kando ya njia kuangalia kwa macho. Mwezi wa 9 mwaka 1998 karatasi ikaondoka. Mutuka ikawekewa kisanduku mbele, na ndani yake kadi yenye franga. Ukipita chini ya chuma kile, redio inaongea na kisanduku, franga inakatwa. Kama kadi haina kitu, kamera inapiga picha ya plaki na madai yanamfuata mwenye mutuka. Tangu 2023 wameanza kuweka kisanduku kipya kinachotumia satelaiti.

Safi kabisa. Lakini franga ile inalipia nini? Hapa njo video haisemi. Peaje ile haikuwekwa kulipa deni la barabara, wala kuziba mashimo. Iliwekwa ili mutuka zipungue. Bei inapanda saa watu wanaenda kazi, inashuka saa njia iko wazi, na saa zingine ni bure. Wanapima mwendo: kwa barabara kubwa wanataka mutuka zitembee kati ya kilomita 45 na 65 kwa saa. Mwendo ukishuka chini ya hapo, bei inaweza kuongezwa. Na mutu asiyetaka kulipa iko na treni na basi za kumfikisha.

Sasa kamiyo ya katode inayotoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa, utaipandishia bei saa moja ya asubuhi ili ipite njia gani ingine?

Tusogee karibu. Nairobi, barabara ya juu inayotoka Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27, ilifunguliwa kwa watu mwezi wa 5 mwaka 2022. Pale pia kuna kisanduku cha kupita bila kusimama, kuna kadi, na kuna mlango wa kulipa franga mkononi. Lakini kazi ya peaje ile ni ingine: kampuni ya Kichina ilijenga kwa franga yake, na inajilipa kwa miaka 27. Kenya nzima inajua ni miaka mingapi. Na chini ya barabara ile, njia ya zamani iko, bure. Uganda vilevile: barabara mpya ya Kampala–Entebbe, kilomita 51, ilifunguliwa 2018 na ikaanza kulipisha mwezi wa 1 mwaka 2022, lakini njia ya zamani ya Entebbe haijafungwa. Mwenye haraka analipa, mwenye shida anapita zamani.

Kwa hiyo kuna peaje za aina tatu. Ya kwanza inapunguza mutuka. Ya pili inalipa deni la mwenye kujenga. Ya tatu inatunza njia. Elektroniki inaweza kutumika kwa zote tatu, sawa vile kalkuleta inaweza kuhesabu mshahara au deni. Haichagui. Kuchagua ni kazi ya watu.

Yetu ni ya aina gani? Sehemu ya njia yetu ni kipande cha RN1, ile inayotoka Banana kule baharini na kumalizika kwenye mpaka wa Zambia. Kipande cha kwetu kilitengenezwa upya na kampuni za Kichina, na peaje ikafuata. Upande mwingine, sheria ya mwezi wa 7 mwaka 2008 iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, na mfuko huu unakula kwa midomo miwili: sehemu ya bei ya mafuta na franga ya peaje. Maana yake shofere wa Kolwezi analipia njia mara mbili. Kwanza kwenye pompi, kila litri. Pili kwenye barieri. Kama peaje yetu ni ya deni, basi deni iko na mwisho, na tarehe ya mwisho ingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa pale pale kwenye barieri. Kama ni ya kutunza, basi tuonyeshwe kilomita zilizotunzwa. Kama ni zote mbili, tugawiwe hesabu mbili. Mashofere banasema kwa kifupi: «Tunalipaka kila siku, njia iko paka mashimo.» Wale si wapinzani wa Serikali. Ni wateja wanaouliza bidhaa waliyonunua.

Na wasiseme kwamba kuuliza hesabu ni kukosa heshima. Mwezi wa 2 mwaka 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulitoa ripoti juu ya mkataba wa Sicomines, mgodi ulio hapa hapa Kolwezi. Mkataba ule ulibadilisha shaba na ujenzi. Ahadi ilikuwa dola miliari 3 za barabara na majengo. IGF ikasema zilizotumika ni milioni 822. Swali lile likazaa kitu: mwezi wa 3 mwaka 2024 mkataba ukabadilishwa, ahadi ikapanda mpaka miliari 7. Kalamu ya mukaguzi ilifanya kazi ambayo hakuna kamera ingeweza kufanya.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa mimi kama mutu wa agronomia. Ni uzito.

Kati ya 1958 na 1960, jimbo la Illinois, Marekani, kamiyo zilizungushwa miaka miwili juu ya vipande vya barabara vilivyojengwa makusudi ili viharibike. Matokeo yake njo wainjinia wanayatumia mpaka leo: uharibifu hauongezeki sawa na uzito, unaongezeka karibu kwa uzito uliozidishwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 10 haiharibu njia mara 10 kuliko ekseli ya tani 1. Inaharibu kama mara 10 000. Na ukiongeza ekseli ile kutoka tani 10 mpaka 13, umeongeza mzigo kwa asilimia 30, lakini uharibifu unakuwa karibu mara 3.

Weka hesabu hii mbele ya peaje inayolipisha kwa kuangalia aina ya mutuka tu: ndogo, ya kati, kamiyo. Mwenye kamiyo anayepakia kupita kiasi analipa tiketi ile ile na yule anayeheshimu mizani. Tena bei yake kwa kila tani inashuka. Yaani peaje inampa zawadi mwenye kuvunja njia. Ukiweka kisanduku cha elektroniki juu ya bei kama hii, utakuwa umeharakisha zawadi.

Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba mwaka 2024, na karibu zote zinatoka Lualaba na Haut-Katanga. Gawanya kwa tani 30 za kamiyo moja: ni safari 100 000 kwa mwaka, karibu 270 kila siku. Toa zile chache zinazopita reli ya Dilolo kwenda Lobito. Kisha ongeza zinazoingia na salfa, chokaa, asidi na mafuta ya migodi. Hapo utaelewa nani anachimba mashimo ya njia. Si mama wa nyanya. Si mwenye Fuso ya mahindi.

Lakini angalia nani anasikia uchungu. Tuchukue mfano tu. Kamiyo mbili, kila moja tani 30, na kila moja inaachia dola 100 kwenye barieri. Ya kwanza imebeba shaba. Kwa dola 9 000 kwa tani, bei iliyokuwa karibu na ya mwaka 2024, mzigo ni dola 270 000. Ya pili imebeba mahindi. Tuseme dola 400 kwa tani, mzigo ni dola 12 000. Barieri ni ile ile, dola ni zile zile, lakini uzito wake juu ya mahindi ni zaidi ya mara 22.

Tena kuna jambo la pili ambalo wanafunzi wa uchumi wanalijua. Bei ya shaba inapangwa kule London. Mgodi wa Lualaba ukilipa peaje zaidi, hauwezi kumwambia mununuzi «ongeza kidogo, njia imepanda». Unapunguza faida yake. Lakini bei ya bunga inapangwa hapa sokoni. Muchuuzi akilipa peaje, anaigawa kwa kila mfuko, na mfuko unaingia nyumbani kwako. Kwa hiyo peaje ya shaba inalipwa na mwenye shaba, na peaje ya mahindi inalipwa na mwenye kula bukari. Tuko watu wa Katanga ya zamani, mahindi mengi yanatufikia kutoka Zambia. Mwaka 2024 Zambia ilipopigwa na ukame, kila mmoja alijifunza bei ya bunga inavyoweza kupanda. Kila senti ya njiani inaongezwa juu ya bei ile.

Na wale wanaosema «Tulime wenyewe» wasikilize pia. Udongo wetu mwingi ni mwekundu na una asidi. Unahitaji chokaa kabla ya mbolea kufanya kazi vizuri. Chokaa ni kitu kizito na cha bei ndogo. Bidhaa za namna hii njo peaje inaziua kwanza. Tunahubiri kilimo asubuhi, kisha tunakilipisha njiani mchana.

Kuna jibu lenye nguvu ambalo lazima tulisikilize: njia bila franga inakufa, na Serikali haina franga ya kutosha. Ni kweli. Miaka ambapo safari ya Lubumbashi ilikuwa ya matope na kulala njiani, hakuna anayeitamani. Sisemi barieri ziondolewe. Nasema bei ifuate uharibifu, na hesabu ifuate bei.

Mashini itasaidia wapi? Pale pale. Mizani ya kupima kamiyo ikitembea ipo duniani. Ikiunganishwa na barieri, ekseli ya tani 13 italipa inavyostahili au itarudi kushusha. Elektroniki inaacha pia alama ya kila mutuka iliyopita, saa na kiasi. Karatasi inachanika, franga ya mkononi haina kumbukumbu. Kulipa kwa simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, shofere wetu tayari anajua. Nyanya hazitaoza kwenye mustari.

Lakini tusijidanganye. Kamera ya Singapore iko na nguvu juu ya kitabu cha mutuka: kila plaki ina mwenye, kila mwenye ana anwani. Kwetu, mutuka ngapi zinatembea bila plaki, au na plaki ya mwenye kuuza wa zamani? Kamera itapiga picha, barua itaandikwa, itapelekwa kwa nani? Na umeme ukikatika? Zaidi ya yote, alama iliyofichwa mu kompyuta ya ofisi haina tofauti na karatasi iliyofichwa mu kabati. Inakuwa dawa siku inapobandikwa ukutani.

Kwa hiyo, kabla ya kisanduku, tudai mambo manne. Moja: ubao kwenye kila barieri unaosema mwezi uliopita zilipita mutuka ngapi za kila aina, franga ngapi ziliingia, kilomita ngapi zilitengenezwa, na redio za Kolwezi zisome. Mbili: kama kuna deni, tarehe ya kumalizika iandikwe. Tatu: kamiyo zilipe kwa uzito wa ekseli. Nne: chakula, mbolea na chokaa zipate bei yake, na kamiyo iliyopeleka mbolea ikirudi bila mzigo isilipe kama iliyojaa.

Na sisi wenye lisanse tusingoje. Watu saba, siku saba, daftari moja kila mutu, kando ya njia: kuhesabu kamiyo, aina na saa. Wenzetu wa politekniki watakadiria ekseli, wa uchumi watafanya bei, wa sheria watasoma maandiko ya 2008, sisi wa kilimo tutafuata mfuko wa bunga kutoka mpakani mpaka sokoni. Kazi hiyo haihitaji satelaiti, na ikimalizika tutakuwa na namba zetu za kuweka mezani siku watakapokuja kutuonyesha video.