Pua ya Gari Haionekani, Hupimwa

Mwanafunzi wa udereva huambiwa aangalie mbele, lakini sehemu ya mbele inayompa shida kuliko zote, zile mita chache kuanzia kwenye bampa, haioni. Boneti imeiziba. Dereva mzoefu naye haioni. Tofauti yao ni kwamba mzoefu anajua gari lake linaishia wapi. Ujuzi huo hautokani na kukodoa macho, wala miaka barabarani peke yake haiuleti. Unatokana na mambo mawili yanayoweza kufundishwa asubuhi moja: kiti kinachowekwa pale pale kila siku, na alama ambazo dereva amezipima mwenyewe kwenye gari analoliendesha. Kwa Bukoba na Muleba jambo hili lina uzito wa pekee. Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo barabara haziwezi kukaa bila mitaro, na ukiiacha lami ukaingia njia za udongo zinazopita kwenye migomba, iwe Kahororo au kule juu Kamachumu, nafasi ya kukosea upande wa kushoto ni ndogo mno.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha ukubwa wa tatizo. Chukua gari dogo la kawaida. Tuseme jicho la dereva liko mita 1.2 kutoka ardhini, na ukingo wa mwisho wa boneti anaouona uko mita 0.9 kutoka ardhini na mita 1.5 mbele ya jicho lake. Mstari wa macho umeshuka sentimita 30 katika mita 1.5, kwa hiyo ili ushuke mita 1.2 yote na kugusa ardhi, unahitaji mita 6. Bampa likiwa mita 2.2 mbele ya jicho, basi kuna karibu mita 3.8 za ardhi ambazo dereva hazioni kabisa. Dumu la lita 20, lenye kimo cha kama sentimita 40, likiwa chini ya mita 1.8 kutoka kwenye bampa linapotea lote hadi mfuniko. Mtoto aliyechuchumaa, mwenye kimo cha sentimita 60, anapotea akiwa sentimita 80 mbele ya gari. Sasa pandisha kiti sentimita 5 tu, pengine kwa mto wa kukalia. Mstari ule unagusa ardhi kwenye mita 5.36 badala ya 6. Sentimita 5 za kiti zimekurudishia sentimita 64 za barabara. Ndiyo maana namshangaa mwalimu anayemkabidhi mwanafunzi ufunguo kabla ya kumrekebishia kiti.

Upande wa kushoto ndiko hasa magari yanakoingia mtaroni, kwa sababu sisi usukani wetu uko kulia na kona ya mbele kushoto ndiyo iliyo mbali na dereva. Hapa jiometri inatupa zawadi. Dereva yule yule ameketi sentimita 35 kulia kwa katikati ya gari, na ubavu wa kushoto uko mita 1.2 kutoka kwenye jicho lake. Tairi likiwa sentimita 30 kutoka kwenye ukingo wa barabara, ukingo huo uko mita 1.5 kushoto kwa jicho. Ukikokotoa mahali unapoonekana kuikata boneti, unapata sentimita 37 au 38 kushoto kwa jicho, yaani karibu katikati kabisa ya boneti. Mwanafunzi anaposhtuka kwamba gari limekaa juu ya ukingo, kumbe bado ana nafasi. Akiiamini hofu yake atasogea katikati ya barabara, na likitokea Fuso lililobeba ndizi kwenye kona, hapo ndipo ajali inapoanzia.

Ushahidi kwamba alama hizi zimefungwa na kiti, wala si kipaji cha dereva, uko ndani ya mkoa wetu wenyewe. Rusumo, wilayani Ngara, ukivuka daraja unatoka nchi inayoendesha kushoto unaingia Rwanda inayoendesha kulia. Dereva ni yule yule na gari ni lile lile, ila sasa ukingo wa barabara uko upande wake na katikati ya barabara iko upande wa mbali. Ile alama ya katikati ya boneti haimwambii tena ukingo uko wapi. Kadhalika anayeshika gari lenye usukani kushoto akiwa upande wetu wa mpaka: ukingo utaikata boneti kama sentimita 20 tu kushoto kwa jicho lake, mbali kabisa na katikati. Kama ujuzi ungekuwa wa macho tu, kuhama upande kusingemsumbua mtu.

Wapo wanaosema dawa ni gari refu, kwamba anayekaa juu anaona kila kitu. Anaona mbali, hilo ni kweli. Lakini boneti nayo imepanda pamoja naye, na kinachoamua ni tofauti ya kimo kati ya jicho na boneti. Wajapani walilijua hilo. Kanuni zao zinataka dereva aweze kuona, kwa macho au kwa kioo, kitu chenye kimo cha mita 1 na upana wa sentimita 30 kilichosimamishwa mbele kabisa ya gari au ubavuni kushoto. Kile kioo kidogo kilichobandikwa mbele kushoto kwenye magari marefu yaliyotumika Japani kimetokana na hitaji hilo, na kile kijiti kwenye kona ya bampa la magari madogo kinafanya kazi inayofanana na hiyo. Hapa kwetu vitu hivi mara nyingi hung'olewa kwa kuonekana ni mapambo. Kung'oa kijiti hicho ni kutupa alama bora kuliko zote gari lilizokuja nazo. Hiace ni habari nyingine: haina boneti ya kuzungumzia, dereva amekaa juu ya magurudumu ya mbele, hivyo aliyezoea Noah au IST akipewa Hiace hukata kona mapema na kulitumbukiza tairi la nyuma mtaroni.

Hoja nzito zaidi ni ile ya “utazoea tu”. Siipuuzi, kwa sababu mazoea hufundisha kweli. Ila yanafundisha gari moja na kiti kimoja. Deiwaka anayepokea daladala stendi kwa nusu siku anarithi kiti cha mtu mwingine, na asipokirekebisha, mazoea yake yote yamehama sentimita kadhaa bila yeye kujua. Wengine wanategemea sensa. Sensa za kuegeshea husubiri sauti igonge kitu na kurudi. Mtaro ni mahali pasipo na kitu, kwa hiyo hazilii. Mlimani hali huwa mbaya zaidi: gari likimaliza mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10 na kufika kwenye tambarare, pua inatazama juu na ardhi isiyoonekana inafika kama mita 8 mbele ya bampa. Hapo alama nayo haitoshi. Ni kupunguza mwendo.

Umbali wa gari la mbele nao haufai kuachiwa jicho. Kwa kilomita 80 kwa saa, mwisho wa mabasi na malori kisheria, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Chagua nguzo ya umeme, gari la mbele likiipita hesabu “elfu moja na moja, elfu moja na mbili”. Ukiifikia kabla hujamaliza, umekaribia mno, na kwenye mvua uhesabu hadi nne. Usiku hesabu hiyo haikusaidii kwa anayekuja mbele yako. Umbali wa gari tunaukisia kwa nafasi kati ya taa zake mbili, na bodaboda ina moja, sawa na lori lililounguza taa ya upande mmoja. Taa moja ichukuliwe kuwa ni lori na iko karibu, mpaka ithibitike vinginevyo.

Wenye shule za udereva na wenye magari, nawaomba jambo lisilo na gharama. Kabla mwanafunzi au deiwaka hajaondoa gari, arekebishe kiti, kisha mtu asogee mbele ya bampa na dumu tupu, arudi nyuma hatua kwa hatua hadi dereva alione, na umbali huo upimwe kwa futi ya fundi. Halafu dumu lihamie kona ya kushoto. Na kijiti cha Mjapani kikikutwa kwenye bampa, kiachwe.