Nafsi ya Kwanza ya Mama Luka

Niliposema kwenye semina yetu ya wasifu na tawasifu kwamba nataka kuhakiki kitabu cha daktari mmishenari, wenzangu waliangua kicheko. Mmoja akasema, "Hiyo si fasihi bwana, hayo ni mahubiri!" Mwingine akaongeza kuwa mmishenari ni mtangulizi wa mkoloni, hata akishika sindano badala ya Biblia, kwa hiyo hakuna cha kuhakiki hapo. Walikuwepo pia wale ambao kwao daktari wa namna hiyo ni mtakatifu, ukimgusa umekufuru. Mimi naona pande zote mbili zimekwepa kazi moja, nayo ni kusoma.

Kitabu chenyewe ni Give Me This Mountain cha Helen Roseveare, kilichotoka mwaka 1966. Mwandishi ni Mwingereza aliyesomea udaktari Cambridge, akaenda Kongo ya Wabelgiji mwaka 1953. Huko kaskazini mashariki alijenga hospitali na kufundisha wauguzi, kwanza Ibambi, kisha Nebobongo. Wenyeji, ambao Kiswahili cha kule kilikuwa lugha yao ya kuwasiliana, walimwita Mama Luka, kwa kumkumbuka yule tabibu wa katika Biblia. Mwaka 1960 Kongo ilipata uhuru, Wazungu wengi wakakimbia, yeye akabaki. Mwaka 1964 waasi wa Simba wakamkamata, akawa mateka kwa miezi kadhaa.

Maudhui ya hatari, basi, yako wazi. Swali langu ni jingine: ni nini kilichompeleka, na je, mwandishi ana ujasiri wa kulijibu?

Ili tupate kipimo, tuweke kando yake kitabu kingine cha mwaka huohuo, Monganga Paul, alichoandika Lois Carlson kuhusu marehemu mumewe. Dakta Paul Carlson, Mmarekani, alikwenda Kongo kwa miezi michache mwaka 1961, akarudi California kwenye kazi yenye kipato kizuri, lakini moyo ukabaki nyuma. Mwaka 1963 alirudi Wasolo pamoja na mke na watoto. Septemba 1964 aliwavusha mto Ubangi wakaingia Jamhuri ya Afrika ya Kati, kisha yeye akarejea kwa wagonjwa wake. Waasi wakamkamata na kumtangaza kuwa ni meja na mpelelezi. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka Stanleyville, alipigwa risasi akijaribu kuruka ukuta. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Nani atamlaumu mjane kwa kumlilia mumewe? Lakini kifani, hadithi ya shahidi ina mtego wake. Kifo kikishapatikana, kila kitu cha nyuma kinageuka kuwa njia ya kukielekea. Nia ya mhusika haihojiwi tena, maana imekwisha kutiwa muhuri wa damu. Msomaji anabaki kuvua kofia tu. Roseveare hana bahati hiyo, kama naweza kuiita bahati. Yeye alipona, na aliyepona hana budi kujieleza.

Na anajieleza! Hapa ndipo kitabu chake kinapowashinda wengi wa jamii yake. Anakiri kwamba alikuwa na hasira za haraka, na kwamba alipenda kuwa wa kwanza. Alipoletwa daktari mwingine Nebobongo na kukabidhiwa uongozi wa hospitali aliyoijenga yeye kwa mikono yake, alishindwa kuvumilia. Tuseme kweli, jamani: mtu anayedai amekuja kutumikia tu, kwa nini aumie akinyang'anywa ufunguo wa ofisi? Nyumbani angekuwa daktari mmoja kati ya wengi. Msituni alikuwa daktari, mjenzi, mwalimu, dereva na jaji. Ukubwa huo nao ni mshahara, ingawa hauandikwi kwenye hati ya malipo. Roseveare anaujua, na haufichi.

Katika mgogoro huo alikwenda kwa mchungaji mmoja Mkongo, aitwaye Ndugu. Anasimulia kwamba mchungaji alichora mstari mmoja ardhini kwa kisigino chake. Kwa Kiingereza "mimi" huandikwa kwa herufi moja iliyosimama wima, kama mstari ule. Mchungaji akamwambia kwamba tatizo lake ni hilo: watu wanamwona Helen mno, hata hawamwoni yule anayemhubiri. Kisha akachora mstari wa pili, wa kulala, ukaikata herufi ile katikati. Ikawa msalaba.

Nimelirudia tukio hili mara nyingi, na wala si kwa sababu za kidini. Mwandishi wa tawasifu anatuletea mtu anayemwambia usoni kuwa nafsi yake ya kwanza imezidi! Kwa maoni yangu mchungaji Ndugu ndiye mhakiki wa kwanza wa kitabu hiki, naye ni Mwafrika asiye na shahada ya fasihi. Wale waliosema semina nzima kwamba Mwafrika katika vitabu hivi ni mgonjwa wa kutibiwa tu, hapa wamepatikana. Daktari ndiye mgonjwa, na mganga ni Ndugu.

Lakini je, nafsi hiyo ilikatwa kweli katika uandishi? Nusu tu. Mwaka 1964, usiku mmoja wa Oktoba, waasi walimpiga na kumbaka. Kulisema jambo hilo hadharani, kwa mwanamke wa kizazi chake, ni ushujaa ambao siwezi kuupima. Usiku huo kijana mmoja Mkongo alijaribu kumkinga, naye akapigwa vibaya mno. Yule kijana alisukumwa na nini? Yeye hakuwa ametumwa na chama chochote cha misheni. Ningetaka kusoma kitabu chake. Mpaka leo sijakiona.

Waasi nao wamebaki wahusika bapa. Tunayaona matendo yao, nayo yalikuwa ya kutisha, lakini sababu hazipewi uzito. Lumumba alikuwa ameuawa Januari 1961, na ndege za Marekani zilikuwa zikiisaidia serikali ya Tshombe. Kumwita daktari mpelelezi ulikuwa uongo, ila haukuota hewani. Halafu tazama lugha inavyotuchezea: "monganga" wa Kilingala ni ndugu wa "mganga" wetu, na Simba nao walikuwa na waganga waliowapa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Kila upande ulikwenda vitani na mganga wake. Vitabu hivi humwona mmoja tu kuwa tabibu.

Mama yangu mdogo ni muuguzi katika hospitali ya misheni mkoani Kigoma. Nilimsimulia kisa hiki chote wakati wa likizo, akasikiliza huku anachambua mboga. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, na wale wauguzi walikimbilia wapi?"

Sikuwa na jibu. Roseveare alirudi Kongo mwaka 1966, akafundisha wauguzi Nyankunde mpaka 1973, jambo linalothibitisha kwamba hakuwa mtalii wa mateso. Lakini tarehe 5 Septemba 2002 wanamgambo waliivamia Nyankunde hiyohiyo, wakaua wagonjwa hospitalini na watu mitaani. Waliouawa katika siku zile hukadiriwa kuzidi 1,000. Wengi wa waliobaki hai walitoroka kwa miguu wakipita porini. Daktari wa kigeni huichagua hatari, na uchaguzi huo ndio unaompa kitabu. Muuguzi mwenyeji amezaliwa ndani yake, kwa hiyo hakuna anayemwuliza nia yake ni ipi.

Hivyo nawajibu wote wawili wa semina. Anayevitupa vitabu hivi anamtupa pia mchungaji Ndugu na yule kijana, kwa kuwa wengi wetu hatuna pengine pa kukutana nao. Anayevisujudia haoni kwamba mwandishi mwenyewe alikataa kusujudiwa. Mimi nashauri tuvisome, tena kwa swali la mama mdogo mkononi. Na sisi tunaosoma shahada hapa, tukirudi makwetu likizo, twende na daftari. Wauguzi wale wapo, na wanazeeka.