Guza, Usiogope! Picha ya Nakuru Inayotekenya Vidole

Wee, acha kila kitu unachofanya! Natoka Bondeni sasa hivi, hapa hapa Nakuru mjini, vidole bado vinawasha, na nisipokusimulia nitapasuka. Kuna picha kwenye karakana ya mchoraji mmoja kijana na, jamani, haina hata tone la rangi ya dukani!

Haina twiga, haina Mmasai na mkuki, haina machweo ya kuuzia watalii. Ni Bonde la Ufa lenyewe limepondwa, likachekechwa, likabandikwa kwenye gunia kwa gundi ya seremala. Na unaruhusiwa kuishika!

Nikaanza na ile nyeupe pe pe pe. Ni daitomaiti ya Kariandusi, kule karibu na Gilgil, mabaki ya mwani mdogo usioonekana kwa macho ulioishi ziwani enzi na enzi zilizopita. Laini! Nyepesi! Kavu mno hadi inafyonza jasho la kidole, unaihisi kabisa ikikuvuta. Mchoraji mwenyewe akainyunyizia maji, doa likatokea, likanywewa, likapotelea mbele ya macho yangu. Na bado!

Sogeza mkono kidogo, unakutana na jiwe la kusugulia visigino, lile lile la sokoni, limevunjwavunjwa: matundumatundu, kavukavu, linakwaruza vizuri ajabu hadi meno yanasisimka. Juu yake nyuzi za mkonge wa Mogotio, ngumu, nyingi, zimesimama kama ndevu za babu. Zipitishie kiganja, zinalia shwaaa! Nimecheka peke yangu.

Halafu, ala! Kioo cha volkano kutoka Eburru. Cheusi ti ti ti, baridi, cha kuteleza, kingo zote zimesagwa zisikukate. Ndilo jiwe ambalo watu wa kale walichongea mashoka pale Kariandusi, yale aliyoyafukua Louis Leakey na wenzake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920. Piga hatua moja, vipande vinametameta kushoto. Piga nyingine, mng'ao umehamia juu! Nimeenda nikarudi, nimeenda nikarudi, hadi mama mboga wa nje akachungulia kuona kuna nini. Na bado!

Najua utaniambia hili si jipya, kwamba msanii Justus Kyalo ameachia asidi na kutu zichore mabati, na Sanaa Gateja wa Kampala hushonea shanga za karatasi juu ya nguo ya magome. Kazi za kutisha kabisa, heshima zao. Lakini kwenye kumbi za maonyesho, mikono yako huwa nyuma. Hii inaidai mikono, tena inataka ufumbe macho! Ukifumba tu, kidole kinapanda pichani kutoka ufuoni mwa ziwa, polepole, kwaruu, hadi ukingoni mwa kreta ya Menengai.

Kwa hivyo, ndugu yangu, dada yangu, panda matatu leo. Vua pete, kata kucha, usijipake mafuta maana ile nyeupe itayanywa yote. Anzia chini kushoto, usifumbue macho mapema, ukimaliza nipigie upesi, natafuta mtu wa kupiga naye vigelegele!