Kiswahili Kinachopigwa Risasi

Resident Evil 5 ilitoka 2009, ila mimi nimeicheza baadaye sana, kwenye kibanda cha gemu hapa Makurunge. Ni gemu nzuri, sikatai: risasi chache, adui hawaishi, viganja vinatoka jasho. Tatizo ni hao adui wenyewe. Wanaishi Kijuju, sehemu ya kubuni Afrika, wanaitwa Majini, na wanapiga mayowe kwa Kiswahili. Yaani nasikia lugha ya nyumbani kwenye gemu kubwa namna hii, halafu kazi yangu ni kuitandika risasi! Dogo aliyekaa pembeni akacheka: "Kaka, wanaongea kama sisi." Mimi kicheko kikanikwama.

Civilization IV ya 2005 ilikuwa na adabu zaidi. Wimbo wake wa kufungulia, "Baba Yetu" wa Christopher Tin, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na ulipata Grammy 2011. Mtamu mno. Ila ukibonyeza kuanza, unauacha mlangoni.

Kwa hiyo Tales of Kenzera: Zau (2024) naiweka juu ya zote, japo mapigano yake yanajirudia hadi yanachosha. Abubakar Salim aliibuni kutokana na msiba wa baba yake. Zau anaingia mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, arudishiwe baba. Sauti unaweza kuziweka kwa Kiswahili. Nikaziweka, kwenye kompyuta ya rafiki. Safari hii anayeongea lugha yangu ndiye niliyemshika kwenye pedi.

Kibandani haipo. Wateja wanataka mpira tu.