Telemachus naye aseme nini?

Shairi la "Ulysses" la Mwingereza Alfred Tennyson aghalabu hufundishwa kama wimbo wa ushujaa. Mfalme mzee amerejea Ithaca baada ya miaka 20 ya vita vya Troy na kutangatanga baharini, lakini kwake nyumbani hapakaliki. Anataka kung'oa nanga tena. Mwaka 2012, mstari wa mwisho wa shairi hilo uliandikwa ukutani katika kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki jijini London. Naam, nani asiyempenda mzee anayekataa kuzeeka?

Mimi nina swali la kishamba: nyumba anamwachia nani?

Shairi lina mistari 70. Mwanawe, Telemachus, anapewa 11 tu, na humo anasifiwa kwa busara, subira na bidii ya kuwalea raia. Hebu zisikilize vizuri sifa hizo. Ni za bosi anayemwandikia karani barua ya mapendekezo. Mkewe hatajwi hata jina. Ni mke aliyezeeka, basi. Huyo ndiye Penelope aliyemngoja miaka yote hiyo 20 huku akiwapiga chenga wachumba!

Wapo watakaosema ninamwonea mfalme, ati kazi ya ushairi si kutunza nyumba. Sawa. Lakini tazama anaowaita chomboni: mabaharia wake wa zamani, waliotaabika pamoja naye. Kwa Homer, wenzake hao wote waliangamia njiani, naye akafika kwao peke yake. Kwa hiyo msomaji wa Homer anamwona mfalme akiwahutubia wafu na kuwapa kisogo walio hai. Hapo ndipo ninapolipenda shairi hili, wala si pale kwenye mstari wa ukutani.

Tennyson alilitunga mwaka 1833, akiwa na umri wa miaka 24, punde tu baada ya kupata habari kwamba rafikiye wa chanda na pete, Arthur Hallam, alikuwa amefia Vienna. Miaka miwili kabla ya hapo babake alikuwa amefariki, naye Tennyson akaondoka Cambridge bila shahada, akarudi kijijini Somersby kwa mama na ndugu zake. Unaona mambo hayo? Aliyeishika kalamu alikuwa Telemachus mwenyewe. Sauti ya anayeondoka ilitungwa na aliyebaki, na nadhani ndiyo maana ina uchu kiasi kile. Msafiri wa kweli huwaza tanga na maji ya kunywa.

Huku kwetu, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu naye alikuwa mzazi anayeaga. Alikuwa mgonjwa. Lakini utendi wake haukodolei macho safari yake. Unamkalisha binti chini na kumwambia aandike. Sidai kwamba kila analousiwa binti huyo linafaa. Wanafunzi wangu wa kike huyakataa mengine katakata, na huwa siwakatazi. Hata hivyo, binti yule tunajua ataamka na nini mkononi.

Telemachus hapewi hata neno moja la kujibu. Laiti mmoja wa malenga wetu angemtungia shairi lake, akalianza asubuhi ile chombo cha babake kinapotokomea.